Kupanga bei ya kitabu cha katuni Arusha na Moshi, na kujua lini mfululizo usitishwe

Kabla hujaenda kwa mchapaji, amua kwanza msomaji atatoa noti gani mfukoni. Kitabu cha katuni hununuliwa kwa kusimama. Mtu ameshuka kwenye Coaster pale Stendi Kuu ya Arusha, au anapita meza ya magazeti Moshi mjini akielekea Mbuyuni, jicho linanasa jalada, anauliza "hiki bei gani?" na papo hapo ameshaamua. Buku moja hutolewa bila kuwaza sana. Buku mbili nazo hutoka kwa noti moja. Inayotesa ni 1,500: mnunuzi anatoa 2,000, muuzaji hana jero ya kurudisha, biashara inafia hapo au inaishia kwa mteja kupewa karanga asizozitaka. Bei kama 1,800 au 1,950 waachie supamaketi.

Malipo ya simu hayaondoi tatizo hilo kwa kiasi kidogo namna hii. Hakuna atakayeingiza lipa namba, kiasi na namba ya siri, kisha asubiri ujumbe huku konda anapiga gari kofi, kwa ajili ya kitabu cha 1,000. Kwa mkusanyo, yaani matoleo kadhaa kwa pamoja, wa 5,000 au 10,000 atafanya hivyo, kwa hiyo lipa namba iwekwe kwenye vibanda vyenye mikusanyo.

Kwa hiyo bei unazoweza kuchagua ni zile za noti moja tu: 1,000, 2,000, 5,000, na 10,000 kwa mkusanyo. Kazi iliyobaki ni kutafuta kitabu gani kinaweza kuishi ndani ya bei ipi.

Gharama: gawanya kwa zilizouzwa

Umbo lililo rahisi kuchapa ni A5, yaani A4 iliyokunjwa katikati na kupigwa pini mbili mgongoni. Karatasi moja ya A4 hutoa kurasa 4, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Ukipeleka hadithi ya kurasa 30 utalipia 32 na mbili zitabaki tupu au zitajazwa matangazo ya kulazimisha. Kurasa 32 ni karatasi 8. Nakala 500 ni karatasi 4,000, sawa na rimu 8 za gramu 80, na uongeze nusu rimu kwa zitakazoharibika. Jalada ni karatasi moja nzito zaidi, gramu 150 hadi 200. Mwambie mchoraji aweke maputo ya maneno angalau milimita 10 kutoka ukingoni. Kitabu kikishakunjwa, kurasa za katikati hutokeza nje kuliko za mwanzo, na kisu kikipita hukata zaidi kwenye hizo hizo. Maneno yakiwa karibu na ukingo, herufi za mwisho zinaondoka.

Chini ya nakala 300 hivi, mashine ya riso, ile ile inayochapa mitihani ya shule, mara nyingi hushinda ofseti (mashine kubwa ya kiwandani) kwa bei, kwa sababu haina pleti (mabati yenye sura ya kurasa) za kulipia. Ubaya wake ni wino kuchelewa kukauka. Usiku uliochorwa kwa weusi mtupu unahamia ukurasa wa pili na kuacha kivuli juu ya uso wa mhusika. Usiku huo uchorwe kwa mistari myembamba, au vitabu visipigwe pini mpaka kesho yake.

Sasa hesabu. Tuseme gharama zisizobadilika (pleti za ofseti au masta za riso, kupanga kurasa, vifurushi vya basi kwenda Moshi) ni 150,000, na kila nakala inakula 500 ya karatasi, wino na pini. Weka namba za mchapaji wako mahali pa hizi. Mpangilio ni huo huo. Nakala 200 zitagharimu 250,000, yaani 1,250 kila moja. Nakala 500 ni 400,000, yaani 800. Nakala 1,000 ni 650,000, yaani 650.

Hapa ndipo wengi huumia. Mchapaji anakuonyesha ile 650, unaona umepata nafuu, unachapa 1,000. Ukiuza 300, kila kilichouzwa kimekugharimu 2,167. Ungechapa 500 na kuuza 300 zile zile, kingekugharimu 1,333. Nakala iliyolala chini ya kitanda ina gharama sawa na ile iliyouzwa, ila haikuleti kitu, na kila wiki inanyonya unyevu.

Muuza meza naye ale. Mpe robo ya bei: kwenye 2,000 anabaki na 500, wewe 1,500, na hesabu hiyo anaifanya kichwani bila kalamu. Kwa nakala 500 zilizogharimu 400,000, unahitaji kuuza 267 kurudisha mtaji. Ukishusha bei iwe 1,500 na kumwachia 400, unabaki na 1,100 na unahitaji kuuza 364. Ukiuza 1,000 unabaki na 750, na hata zikiisha zote 500 unapata 375,000. Hujafidia. Bei ya buku moja basi ni ya kitabu chembamba, kurasa 12 au 16, hakuna namna nyingine.

Na hesabu hiyo haijamgusa mchoraji. Akilipwa 10,000 kwa ukurasa, kurasa 32 ni 320,000. Jumla inafika 720,000, na nakala 500 zote zikiuzwa kwa 2,000 unapata 750,000. Faida ni 30,000, endapo hakuna hata nakala moja iliyobaki, iliyopotea au iliyotolewa kama zawadi. Ndiyo maana kazi ya mchoraji isibebwe na toleo moja. Mlipe sehemu kwa toleo na sehemu kwa mkusanyo utakaokuja baadaye, kwa maandishi, na karatasi hiyo iseme wazi hakimiliki ya wahusika ni ya nani. Au punguza kurasa ziwe 24. Msomaji haoni upungufu wa kurasa 8 kama hadithi imeishia pazuri. Anauona mara moja kama umejaza picha kubwa zisizo na tukio.

Meza ya magazeti

Bei ichapwe kwenye jalada, ionekane, la sivyo Moshi kitauzwa 2,000 na Usa River 3,000, na lawama zitakuja kwako. Mwezi usiandikwe, andika namba ya toleo tu. Kitabu chenye "Machi" kikionekana mezani Mei, kimeshazeeka hata kama hakuna aliyekisoma. Wachapishaji wa Marekani kwa miaka mingi waliandika jaladani mwezi wa mbele, miezi miwili au mitatu kabla haujafika, kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa wauzaji, mtindo utakaokutana nao ni mali kauli: unaacha mzigo, unalipwa baadaye. Si mbaya, ila una masharti yake. Acha nakala 10, si 50. Andika kwenye daftari lenye nakala ya kaboni tarehe, toleo na idadi, na muuzaji atie sahihi. Toleo jipya litoke mkononi mwako pale tu unapopokea pesa na marejesho ya lililopita, siku hiyo hiyo, meza hiyo hiyo. Ukiruhusu matoleo mawili yalundikane kwa muuzaji mmoja, pesa ya la kwanza imeshanunulia unga.

Angalia hali ya marejesho pia. Meza za Arusha hukaa juani, na jua hula njano na nyekundu kabla ya buluu na nyeusi: jalada jekundu lililokaa mezani wiki kadhaa linapauka, na hakuna atakayelinunua kwa bei kamili. Zungusha nakala ya juu kila unapopita. Masika, Machi hadi Mei, peleka vitabu ndani ya vifungashio visivyopitisha maji na upunguze idadi, maana meza hufunikwa turubai nusu ya siku. Kifungashio hicho kinazuia pia wale wanaomaliza kitabu kizima wakiwa wamesimama. Acha nakala moja wazi yenye kurasa 6 za mwanzo tu.

Nani ananunua, na lini

Mwanafunzi wa bweni hununua siku ya kufunga na siku ya kufungua shule, akiwa na pesa ya nauli mkononi. Katikati ya muhula hana kitu. Nakala yake moja itasomwa na bweni zima. Usipigane na hilo. Chapa ukurasa wa mwisho mahali pa kupata toleo lijalo, na utaona wanne watano kati ya wale waazimaji wakija kununua likizo ikifika. Ila usihesabu umaarufu kama mauzo. Kitabu kinachojulikana shule nzima kinaweza kuwa kimeuza nakala sita.

Mwenye mshahara hununua kuanzia tarehe 25 hadi wiki ya kwanza ya mwezi. Toleo likitoka tarehe 12, litakuwa limechoka mezani mshahara ukiingia. Agosti, siku za Nane Nane, viwanja vya Themi pale Njiro vina familia zenye watoto, na mzazi hulipa kwa ajili ya mtoto bei ambayo asingejilipia mwenyewe. Januari iache kabisa. Ada, sare na madaftari vimeshamaliza kila kitu, na toleo lililotoka Januari halifai hata kutumika kama kipimo.

Desemba ni habari nyingine. Wachagga wanarudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi, Moshi inajaa, na wanunuzi hao hawatafuti toleo la saba, wanataka hadithi nzima. Huo ndio wakati wa mkusanyo. Lakini jihadhari: msomaji akishajua kwamba kila Desemba kuna mkusanyo wa bei nafuu, ataacha kununua toleo moja moja, na bila mauzo ya toleo moja moja huo mkusanyo hautakuwepo. Marekani wasomaji wa namna hiyo wamelaumiwa kwa kuangusha mifululizo waliyoipenda wenyewe. Weka mkusanyo wa matoleo manne kwa 10,000 badala ya 8,000, wenye karatasi nzuri na hadithi fupi ya ziada. Anayefuata kila toleo asijione amepunjwa.

Kupandisha bei

Usipandishe katikati ya kisa. Subiri kisa kiishe, anza kipya, bei mpya ianze nacho. Kutoka 1,000 ruka hadi 2,000 na uongeze kurasa zionekane, usipite 1,500.

Hata hivyo kurasa za ziada si kinga. Vitabu vya katuni vya Marekani vilibaki senti 10 kuanzia miaka ya 1930 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, huku kurasa zikipunguzwa kimyakimya. Mwaka 1961 kampuni ya Dell iliruka hadi senti 15, washindani wakasimama kwenye 12, na wanunuzi wakahamia huko. Mwaka 1978 kampuni ya DC ilipanda kutoka senti 35 hadi 50 na kuongeza kurasa za hadithi. Majira ya baridi yaliyotangulia yalikuwa na theluji iliyozuia magari ya magazeti, mauzo yalikuwa mabovu, na muda si mrefu baadaye kampuni ikakata mifululizo mingi kwa mkupuo, kisha ikashuka hadi senti 40. Hadithi kadhaa zilizokwisha kuchorwa zikaishia fotokopi za nakala chache, ili tu hakimiliki zilindwe. Kwa mchapishaji mdogo hapo kuna jambo la kushika: usilipie zaidi ya toleo moja mbele ya mauzo unayoyaona.

Kusitisha

Hesabu kila toleo baada ya muda ule ule, tuseme wiki sita, baada ya kutoa marejesho. Toleo la kwanza lisikudanganye. Limenunuliwa na ndugu, marafiki na wenye udadisi. La pili karibu kila mara hushuka. Kipimo ni kati ya la pili na la nne.

Namba zikiwa 310, 205, 180, 174, mfululizo umetulia. Punguza uchapaji hadi 220: gharama ni 260,000, na nakala 174 kwa 1,500 unayobaki nayo baada ya muuzaji zinaleta 261,000. Ukimwacha mchoraji kando, umegusa mstari tu, lakini hauzami, na mkusanyo utakuwa faida. Zikiwa 310, 205, 150, 105, hata ukichapa 120 utatumia 210,000 na kupata 157,500. Hakuna jalada jipya wala tangazo la redio litakalogeuza hilo. Sitisha.

Sitisha kwa kumaliza hadithi. Tangaza ndani ya toleo kwamba lijalo ndilo la mwisho, fupisha kisa, funga mafundo yote makubwa. Kutoweka kimya kuna gharama inayokuja baadaye: msomaji aliyeachwa njiani hatanunua toleo la kwanza la kitabu chako kingine, atasubiri aone kama utafika la tano. Kabla ya kuamua, hakikisha pia kilichoua mauzo ni hadithi yenyewe. Toleo lililochelewa wiki tano, au lililotoka Januari, linaweza kushuka bila kosa la hadithi. Mara nyingi kutoa kila miezi miwili kwa uhakika ni bora kuliko kuahidi kila mwezi na kukosa.

Waliolipia matoleo ya mbele warudishiwe salio lao kwa simu ndani ya wiki ile ya tangazo, na makato ya kutuma yawe juu yako. Usiwapelekee kitabu kingine badala yake kabla hawajakubali. Marejesho yaliyobaki yafunge kwa uzi, matoleo matatu ya mfuatano kwa 5,000, uyaweke mpaka Desemba. Yaliyofifia jalada peleka gulio la Tengeru au Kiboriloni kwa jero moja moja, na uyatoe kwenye daftari.