Kupima tungamo la shimo jeusi kwa mwangwi wa nuru

Shimo jeusi kubwa la galaksi ya mbali hupimwa kupitia gesi inayolizunguka. Unahitaji vitu viwili tu: gesi iko umbali gani kutoka kwenye shimo, na inakwenda kasi gani.

Umbali tunaupata kwa mwangwi. Kisahani cha moto kinacholizunguka shimo hung'aa na kufifia, na gesi iliyo nje yake huitikia baadaye, nuru ikishaifikia. Chora mng'ao wa kisahani siku kwa siku, kisha chini yake mng'ao wa mstari wa hidrojeni, yaani ncha angavu kwenye spektra (nuru iliyotawanywa kwa urefu wa mawimbi), kwenye nanomita 486.1. Sogeza mchoro wa pili nyuma mpaka milima na mabonde yalingane. Siku ulizosogeza ndizo mwangwi, nazo ni umbali wa gesi kwa siku za mwendo wa nuru. Galaksi NGC 5548 ilianza kufuatiliwa hivyo mwaka 1988, na mwangwi wake umeonekana kuanzia siku chache hadi zaidi ya 20. Mawingu ya angani yatakuharibia vipimo, kwa hiyo linganisha kila usiku na mstari wa oksijeni wa nanomita 500.7: hiyo hutoka kwenye gesi ya mbali sana, haibadiliki kwa miezi michache. Na kama mawimbi ya mistari yamevutwa kuelekea nyekundu, yakarefuka kwa asilimia 10, gawa siku zako kwa 1.1.

Kasi iko kwenye upana wa mstari wa hidrojeni. Gesi inayotujia na inayotukimbia huutanua ule mstari ukawa kilima. Upime upana wake kwenye nusu ya kimo. Ukiwa sehemu 1 kwa 100 ya urefu wa wimbi, kasi ni kilomita 3,000 kwa sekunde.

Hapa usiharakishe, nakusihi. Juu ya kilima hicho hukaa ncha nyembamba, nayo ni ya ile gesi ya mbali isiyohusika. Mara ya kwanza niliiacha. Ilipandisha kimo, nusu yake ikapanda pia, nami nikapima sehemu ya juu ya kilima iliyo nyembamba: kilomita 1,800. Nilipochukua umbo la mstari wa oksijeni, nikalipunguza hadi litoshe ile ncha na kuliondoa, nikapata 3,000. Kwa kuwa kasi hujizidisha yenyewe, shimo langu liliongezeka karibu mara tatu.

Sasa zidisha: siku, mara kasi, mara kasi tena, mara 0.195. Mwangwi wa siku 20 na kasi ya 3,000 vinatoa tungamo la Jua mara milioni 35. Bado kuna kizidisho cha mpangilio wa gesi. Kwa upana wa nusu ya kimo huwa karibu na 1, ila hutofautiana galaksi kwa galaksi.

Huna miezi ya kusubiri? Tumia mng'ao: galaksi yenye kiini king'aacho mara 100 zaidi huwa na mwangwi mrefu kama mara 10. Spektra moja inatosha, lakini jibu laweza kukosea mara mbili au tatu, juu au chini. Mimi huandika hivyo hivyo; kwa shimo la milioni 35: kati ya milioni 12 na milioni 100.