Kufunga Pampu ya Kutoa Maji Kwenye Besimenti

Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani kama Minnesota na Ohio, nyumba nyingi zina besimenti, yaani chumba kilicho chini ya usawa wa ardhi, na theluji inapoyeyuka, maji ya ardhini hupanda na kupenya kwenye nyufa za sakafu na kuta. Kabla ya kununua pampu, zibua mifereji ya paa na urefushe mabomba yake yamwage maji mbali na msingi. Hatua hiyo ni ya bei nafuu, na huipunguzia pampu kazi kubwa.

Shimo la kukusanyia maji huchimbwa mahali palipo chini zaidi, kwa kawaida likiwa na upana wa inchi 18 na kina cha inchi 24, kisha huwekwa pipa la plastiki lenye matundu juu ya kokoto. Ikiwa shimo lipo tayari, siku ya mvua kubwa zima pampu kwa dakika moja, upime maji yamepanda kiasi gani: katika shimo la duara lenye upana huo, kila inchi ni takriban lita 4. Chagua pampu inayozidi kiasi hicho kwa mbali, ukizingatia kimo cha bomba, kwa sababu kadiri maji yanavyopandishwa juu ndivyo yanavyotoka machache.

Pampu ikae juu ya tofali, wala boya lake, linaloelea na kuiwasha maji yakipanda, lisiguse ukuta wa shimo, kwani boya likikwama pampu haiwaki, au huwaka bila kuzima hadi iungue. Kwenye bomba la kutolea maji funga valvu ya kuzuia maji kurudi, mshale wake ukielekea maji yanakokwenda. Kati ya pampu na valvu, ndani ya shimo, toboa kwenye bomba kitundu cha milimita 3 cha kutolea hewa, isipokuwa kama kiwanda kimekwisha kukiweka. Mafundi wengine hukipuuza, lakini hewa ikinaswa humo, pampu hunguruma bila kutoa hata tone.

Bomba limwage maji walau futi 10 kutoka kwenye msingi, likiwa na mteremko ili maji yasibaki ndani na kuganda wakati wa baridi. Usiliunganishe na bomba la maji taka. Miji mingi inakataza.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni umeme, kwa sababu dhoruba inayoleta maji ndiyo hiyo hiyo inayoangusha nyaya. Weka pampu ya akiba ya betri, boya lake likiwa juu kidogo ya lile la kwanza, na umwachie fundi umeme mwenye leseni kazi ya soketi. Kila baada ya miezi mitatu mimina ndoo ya maji shimoni, utazame kama pampu inawaka na kuzima yenyewe, kisha chomoa plagi yake na urudie, ili ujue kama ile ya betri inashika zamu. Maji yakishajaa, usishuke humo kabla umeme wa besimenti haujakatwa.