Namna ya Kupima Uwezo wa Antioksidanti katika Propolisi ya Nyuki Wasiouma

Propolisi ya nyuki wasiouma ni utomvu wa mimea waliouchanganya na nta, na baadhi ya spishi huongeza udongo; kwa hiyo ondoa kwanza takataka na mchanga unaoonekana. Igandishe kwenye friza, kwa kuwa ikipata joto hunata kama ulimbo, kisha uisage ingali baridi.

Loweka gramu 10 za unga huo katika mililita 100 za ethanoli ya asilimia 70, ndani ya chupa isiyopitisha mwanga, kwa siku kadhaa huku ukitikisa. Maji matupu siyapendekezi, kwani fenoli na flavonoidi nyingi za utomvu, yaani kemikali za mimea zenye uwezo wa antioksidanti, huyeyuka vyema zaidi katika alkoholi. Chuja, weka kwenye jokofu ili nta igande, uchuje tena.

Zimua dondoo kwa viwango mbalimbali, changanya kila kimoja na myeyusho wa DPPH (kemikali ya zambarau yenye radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na jozi, ambazo antioksidanti huzizima), acha gizani dakika 30, kisha soma ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 517: zambarau ikififia kuelekea njano, radikali huru zimepungua. Linganisha na vitamini C. Pima pia dondoo lisilotiwa DPPH, jambo ambalo wengi hulisahau, maana rangi yake ya kahawia hupotosha usomaji.