Namna ya kusoma hubiri la Jonathan Edwards la Enfield, 1741

Hubiri ambalo Jonathan Edwards alilitoa Enfield tarehe 8 Julai 1741, wakati wa Uamsho Mkuu, wimbi la mwamko wa kidini katika makoloni ya Uingereza huko Amerika, hukumbukwa kwa picha moja tu, ile ya buibui anayening'inizwa juu ya moto, na wengi huishia hapo. Anayetaka kulielewa hana budi kuanza mbali zaidi, kwa sababu hofu iliyomo imejengwa kwa hoja kabla ya kufikia picha.

Fungua kwanza Kumbukumbu la Torati 32, usome wimbo wa Musa wote, kisha urudi kwenye mstari wa 35, ambamo Edwards alichukua maneno machache kuhusu miguu itakayoteleza. Onyo hilo waliambiwa Waisraeli, taifa la agano, wala si mataifa ya nje. Ndiyo maana liliwagusa wasikilizaji waliokuwa wamezoea kuketi kanisani.

Kisha ligawe hubiri kwa mtindo wa Wapuritani, Waprotestanti wa Kiingereza waliotaka kulitakasa kanisa: andiko, fundisho na matumizi. Fundisho ni sentensi moja, kwamba hakuna kinachowazuia waovu wasitumbukie jehanamu wakati wowote ule isipokuwa mapenzi ya Mungu peke yake. Zinafuata hoja 10. Zisome ukiwa na kalamu mkononi, ukitia alama kila panapotajwa jambo ambalo mtu hulitegemea, kama vile afya njema, busara ya kujilinda au mipango yake ya kuokoka, na utaona jinsi Edwards anavyoliondoa moja baada ya jingine, mpaka msikilizaji anabaki hana pa kushika. Ukalvini wa hubiri hili, yaani mafundisho ya Yohana Kalvini kwamba wokovu hutegemea uamuzi wa Mungu peke yake, umo humo zaidi kuliko katika buibui.

Sehemu ya matumizi isome polepole kuliko zote. Angalia viwakilishi: katika fundisho Edwards alisema habari za "wao", ila hapa anawageukia waliomo kanisani na kuwaambia "ninyi". Anafika hata kuwauliza kama roho zao hazina thamani sawa na za watu wa Suffield, ambako siku hizo watu walikuwa wakimiminika kwa Kristo. Suffield ni mji jirani, ng'ambo ya mto Connecticut, na Enfield ilikuwa bado haijaguswa na uamsho. Kwa maoni yangu, swali hilo lilichoma kuliko moto wote uliotajwa kabla yake.

Soma aya mojawapo kwa sauti, lakini usipaze. Msomaji aliyezoea mikutano ya injili yenye vipaza sauti atadhani Edwards alikuwa akinguruma, kumbe hakuwa mhubiri wa makelele. Aliyesifika kwa sauti kubwa na hotuba za uwanjani ni George Whitefield, aliyezunguka New England mwaka 1740. Hata hivyo mchungaji Stephen Williams, aliyekuwapo Enfield, aliandika katika shajara yake kwamba vilio vilizidi hata mhubiri akalazimika kunyamaza kabla ya kumaliza.

Hapo litakujia swali: ikiwa Mungu amekwisha kuwachagua wateule wake, kwa nini kuwasihi watu? Usilikwepe. Kwa Wakalvini, mahubiri yenyewe ni njia ambayo Mungu huitumia kuwavuta wateule, na kwa kuwa mhubiri hawajui ni nani, huwasihi wote. Uwezo wa kuitikia ndio asioweza kuwapa, na Edwards hajifanyi kuwa anaweza.

Ukimaliza, liweke hubiri kando ya maandishi ya wapinzani wake. Charles Chauncy wa Boston alichapisha mwaka 1743 kitabu kirefu cha kuushutumu uamsho, akiona kwamba jazba ilikuwa imechukua nafasi ya akili. Edwards naye alitoa mwaka 1746 kitabu chake kuhusu hisia za kidini, ambamo anakiri kwamba machozi na mtetemeko wa mwili havithibitishi kitu, wala havikanushi. Kama una nafasi ya kusoma kimoja tu kati ya hivyo viwili, chukua cha Edwards, uende moja kwa moja kwenye sehemu ya tatu, yenye alama 12 za neema ya kweli. Ya mwisho, ambayo aliiona kuwa kuu kuliko zote, ni mwenendo wa mtu.