Ryzen 5 3600: volteji na joto la kuongeza kasi bila kuichosha prosesa

Wiki iliyopita kijana mmoja anayehariri video za harusi aliniletea mashine yake nimwongezee kasi ya prosesa. Tulianza saa mbili usiku, tukaachana saa kumi alfajiri, na karibu saa tano kati ya hizo zililiwa na mpangilio mmoja tu wa BIOS, ile menyu inayofunguka kabla ya Windows kuwaka. Naandika ili wewe zisikule.

Prosesa ni Ryzen 5 3600, viini (core) 6, kwenye bodi mama (motherboard) ya aina ya B450. Prosesa za ukoo huu hazikufungwa kizidisho (multiplier, namba inayozidishwa na MHz 100 kupata kasi), lakini bodi za A320 hazikuruhusu kukigusa. Kama unayo A320, usijisumbue.

1. Jua unasoma nini

Weka HWiNFO64. Programu nyingine zenye mishale na rangi siziamini. Angalia mistari miwili tu: CPU (Tctl/Tdie), yaani joto, na CPU Core Voltage (SVI2 TFN), yaani volteji. Ule mstari mwingine wa Vcore unatoka kwenye kihisi cha bodi, uache.

Kabla hujagusa chochote utaona volteji ikiruka hadi 1.45 huku mashine haifanyi kitu. Usishtuke, ndivyo ilivyoundwa: kiini kimoja au viwili vinaamka kwa muda mfupi na mkondo wa umeme ni mdogo. Kosa ni kuiona 1.45 hiyo ukadhani unaweza kuibandika kwa viini vyote 6 mchana kutwa. Volteji kubwa pamoja na mkondo mkubwa pamoja na joto ndivyo vinavyoizeesha prosesa, na prosesa iliyozeeka haikuambii. Kasi iliyokuwa inaibeba jana, leo inaanza kustaki.

Mpaka wangu kwa 3600 ni 1.325 chini ya kazi nzito, isomwe kwenye SVI2. Ukikutana na ushauri wa 1.4, mara nyingi ni wa Ryzen za mwanzo, zilizotengenezwa kwa nanomita 14. Hii ni ya nanomita 7, haina ubavu huo.

2. Piga hesabu ya chumba chako

3600 inaanza kujipunguza kasi yenyewe ikifika nyuzi 95. Mimi nasimama kwenye 85.

Wanaopima prosesa Ulaya na Marekani wengi wako kwenye chumba cha nyuzi 21 au 22. Chumba cha kijana wangu hapa Dar kilikuwa 31, usiku, feni ya dari inazunguka. Kila nyuzi inayoongezeka chumbani inaongezeka karibu vilevile kwenye prosesa. Kwa hiyo ukisoma mtu kasema "yangu inacheza 78", kwako hiyo ni 87 au 88. Na hapo hujahesabu vumbi, wala Februari.

Feni ndogo iliyokuja na boksi haitoshi kwa kazi hii. Tafuta ya mnara yenye feni ya milimita 120, na themo pesti mpya (ule uji unaopakwa kati ya prosesa na kipoza). Kipande cha silikoni chenye viini vya 3600 kina milimita za mraba 74 tu, na joto lote la viini linapita hapo.

3. Weka kasi

Ingia BIOS, kizidisho 42, volteji kwa mkono 1.30. Usiiache kwenye Auto, maana bodi nyingi zikiachiwa zinamimina kupita kiasi. RAM iache kama ilivyo, mshika mbili moja humponyoka.

Kwa nini 4.2 GHz? Kasi ya juu ya kiwandani ya 3600 ni hiyo hiyo 4.2, ila kwa kiini kimoja au viwili. Ukifunga viini vyote hapo hupotezi kitu. Ukifunga kwa 4.1, programu zinazotumia kiini kimoja zinapungua kasi badala ya kuongezeka. Kama wewe ni wa magemu tu, kwa kweli rudi kalale.

4. LLC (hapa ndipo usiku uliishia)

Prosesa ikibebeshwa mzigo, volteji inayoifikia inashuka chini ya ile uliyoandika. LLC (Load-Line Calibration) ni mpangilio wa BIOS unaofidia huo mshuko. Ikiwa dhaifu, volteji inazama na mashine inazima. Ikiwa kali, volteji inabaki bapa, na kwa macho inapendeza, lakini mzigo unapoingia au kutoka ghafla inayumba juu na chini haraka kuliko HWiNFO inavyoweza kuona.

Sasa kisa. Nimezoea bodi ambazo LLC namba 1 ni dhaifu kabisa, nikaweka 1 ili nianze taratibu. Cinebench, programu ya kuibebesha prosesa mzigo, ikapita dakika 20, safi. Kijana akafungua harusi yake, akabonyeza kutoa video (export): skrini ya bluu. Nikapandisha 1.35. Ikatoa video nzima, ikafa pale pale ilipomaliza. Nikapandisha 1.375, joto likafika 93, kijana akaanza kuniuliza bei ya prosesa mpya. Saa saba usiku nikafungua ukurasa wa LLC kwa mara ya kwanza nikiwa na miwani, nikaona mchoro mdogo pembeni: mstari wa namba 1 ulikuwa bapa. Kwenye bodi ile 1 ndiyo kali kuliko zote.

Kwa hiyo: MSI na ASRock, namba 1 ndiyo kali. ASUS, namba 1 ndiyo dhaifu. Gigabyte wanatumia maneno, kama Low, High na Extreme. Usikopi namba ya mtu mwenye bodi nyingine. Anzia katikati.

Nilipoweka ya katikati na kuandika 1.325, chini ya mzigo ilisoma 1.288, joto 82, na video ikatoka. Joto linalozalishwa (si nyuzi unazosoma) linakua karibu kwa mraba wa volteji: kutoka 1.25 hadi 1.35, kasi ikiwa ile ile, ni karibu asilimia 17 zaidi. Ndiyo maana ushujaa wangu wa 1.375 ulikuwa ujinga mtupu.

Ikigoma kuwaka kabisa, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya CR2032 dakika chache, rudisha. BIOS itasahau yote.

5. Jaribu kwa kazi yako

Cinebench R23 dakika 30, halafu OCCT, programu nyingine ya kubebesha mzigo, saa moja. Halafu kazi halisi, mara kadhaa, ianze na iishe, maana kwetu kifo kilikuwa kwenye kuanza na kuisha. Fanya mchana wa jua kali, si usiku.

Wenye Intel za herufi K: mpangilio ni huu huu, ila namba zangu msizichukue. Kikomo cha joto cha nyingi ni 100 na volteji zake ni nyingine.

Mwisho, shuka chini kabisa kwenye HWiNFO kwenye mstari wa Windows Hardware Errors. Lazima usome 0. Ukiona hata 1, hata kama mashine haijazima, shusha kizidisho hadi 41.75 na uanze upya hatua hii.