Kamera inayopiga kelele jua likizama

Nafunga kamera za ulinzi Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Jioni wateja hunipigia: simu inalia mfululizo kwa tahadhari za kamera, getini hakuna mtu. Jua linazama upande wa Kongo, ziwa linarudisha mng'ao ukutani. Kamera nyingi hulinganisha picha na picha. Mwanga ukibadilika ghafla, hudhani kitu kimepita.

Kwanza igeuze isitazame ziwa. Kisha, kwenye menyu, chora eneo la kuhisi: geti na njia tu, ukuta unaong'aa uache nje. Punguza kiwango cha kuhisi kidogo kidogo, kila mara ukimpitisha mtu getini, mchana na usiku. Hapo tafadhali usifanye haraka, maana ukizidisha kupunguza, hata mwizi hataonekana. Chaguo la kutambua binadamu likiwepo, liwashe. Taa ya nje iwake kabla ya giza, kamera isihangaike kuhama kati ya picha ya rangi na ya usiku.