Namna ya Kudai Haki ya Dhamiri Hospitalini Bila Kumtupa Mgonjwa

Muuguzi ambaye imani yake haimruhusu kufanya kazi fulani huwa amekwisha kulijua jambo hilo tangu chuoni, miaka kadhaa kabla hajavaa sare ya kazi. Hata hivyo, wengi hulitamka kwa mara ya kwanza saa nane usiku, mgonjwa akiwa kitandani na daktari akisubiri aletewe trei. Katika miaka niliyokuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi katika hospitali moja ya magharibi mwa Kenya, karibu kila kesi ya namna hii iliyofika mezani kwangu ilikuwa imeharibikia hapo: mwenye haki alikuwa nayo, ila aliidai saa isiyofaa na mbele ya mtu asiyestahili kuisikia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wauguzi, maafisa wa kliniki, wafamasia na madaktari, na kwa ajili ya wale wanaosimamia hospitali za makanisa kutoka Nakuru hadi Busia.

Sheria inasema nini

Nchini Kenya ulinzi wa haki ya dhamiri, yaani haki ya kutolazimishwa kutenda kinyume na imani yako, haumo katika sheria moja yenye jina hilo. Msingi wake ni Ibara ya 32 ya Katiba ya mwaka 2010, inayompa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra, imani na maoni. Aya ya tatu ya ibara hiyo inakataza mtu kunyimwa ajira kwa sababu ya imani au dini yake, na aya ya nne inakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani au dini yake. Soma aya hiyo ya nne polepole: inataja imani na dini, haitaji kinyaa, uchovu wala kutopenda aina fulani ya wagonjwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaongeza kwamba mwajiri asimbague mfanyakazi kwa misingi ya dini (kifungu cha 5), na inaiweka dini miongoni mwa sababu zisizoweza kuhalalisha kumfuta mtu kazi (kifungu cha 46).

Uhuru huo una mpaka. Haumo katika orodha fupi ya Ibara ya 25 ya haki zisizoweza kupunguzwa kwa vyovyote, na mbele yake imesimama Ibara ya 43, ambayo aya yake ya pili inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 7, inaeleza kwamba matibabu hayo ni pamoja na kumtuliza mgonjwa hali yake isizidi kuzorota na kumpangia rufaa pale ambapo kituo hakina uwezo. Hospitali yenye uwezo ikikataa, inatenda kosa ambalo faini yake inaweza kufika shilingi milioni 3. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza si “imani yangu inasema nini?” bali “mgonjwa huyu yuko katika hatari sasa hivi?” Jibu likiwa ndiyo, mhudumie, mazungumzo ya dhamiri yatasubiri.

Nimeona wenzetu wakinakili kutoka mtandaoni vifungu vya sheria za Marekani kuhusu haki hii, kama vile Marekebisho ya Church ya mwaka 1973, yaliyopewa jina la Seneta Frank Church, au Marekebisho ya Weldon yaliyofuata miaka thelathini na kitu baadaye, na kuvibandika katika barua zao za kujitetea. Sheria hizo zinawabana wanaopokea fedha za serikali ya shirikisho kule. Hakimu wa Kisumu hatazitumia kukuokoa. Moja tu hutugusa kwa karibu: sheria ya Marekani ya mwaka 2003 iliyoanzisha PEPFAR, mpango wake wa kufadhili mapambano dhidi ya Ukimwi, inaruhusu shirika, likiwemo la kidini, kupokea fedha za Ukimwi bila kulazimishwa kushiriki katika njia ya kinga ambayo imani yake inaikataa. Lakini hata hiyo inalinda shirika lililoomba fedha, haimlindi mfanyakazi dhidi ya mwajiri wake.

Taja tendo, usitaje mtu

Hatua ya kwanza ni kuandika, kwa faragha, ni tendo lipi hasa ambalo huwezi kulifanya. Usiandike “kupanga uzazi”. Andika “kuweka koili”, kama ni hilo. Usiandike “wasichana wanaotoa mimba”, kwa maana huyo ni mtu, na hakuna ibara inayokupa ruhusa ya kumkataa mtu. Kadiri tendo lilivyo finyu, ndivyo ombi lako linavyokubalika kwa urahisi. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya wakunga wawili waandamizi wa Glasgow waliotaka wasihusike hata na kupanga zamu na kusimamia wenzao katika shughuli za utoaji mimba, na ikasema kwamba kinga ya sheria yao ya utoaji mimba ya mwaka 1967 inahusu kushiriki kwa mikono, si kazi za usimamizi. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila ni kipimo kizuri cha kujipima nacho: je, ni mikono yangu, au ni mikono ya mwenzangu ninayotaka kuizuia?

Kwa suala la utoaji mimba, kumbuka kwamba Ibara ya 26 inauruhusu pale tu ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inauruhusu. Sheria ya Afya inamhesabu muuguzi, mkunga na afisa wa kliniki kuwa wataalamu hao, kwa hiyo jambo hili halimhusu daktari wa hospitali kubwa peke yake. Na mwanamke anayeletwa akitokwa na damu baada ya mimba kutolewa kwingineko, kwa njia yoyote ile na kwa mkono wa mtu yeyote yule, ni mgonjwa wa dharura. Kumsafisha kizazi, kumwekea maji ya mshipa na kumwongezea damu si kushiriki katika kilichotendeka jana. Hapa sina subira na wenzangu wanaoanza kwa kuuliza nani alifanya na kwa nini, huku shuka linalowa.

Barua, na siku ya kuipeleka

Ipeleke siku unayoripoti kazini, au siku unayopokea uhamisho, kabla jina lako halijaingia katika orodha ya zamu. Wengi huiandika kwa Kiingereza kwa mazoea, ingawa Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi kwa mujibu wa Ibara ya 7 na barua yake haina upungufu wowote. Inaweza kuwa fupi hivi:

“Kwa Msimamizi wa Huduma za Uuguzi. Nimepangiwa wodi ya akina mama kuanzia Jumatatu. Imani yangu ya Kikristo hainiruhusu kushiriki kwa mikono yangu katika kutoa mimba, yaani kuandaa na kumpa mgonjwa dawa za kuitoa au kumsaidia daktari wakati wa shughuli hiyo. Sikatai kumpima mgonjwa huyo, kumlisha, kumhudumia baadaye, wala kumtibu yeyote ambaye maisha yake yamo hatarini. Naomba nipangwe zamu pamoja na mwenzangu asiye na pingamizi hilo, na niko tayari kuchukua zamu za usiku za ziada ili asielemewe. Nikijikuta peke yangu nitampigia simu msimamizi wa zamu mara moja, na sitaondoka kwa mgonjwa mpaka afike wa kumpokea.”

Sentensi mbili za mwisho ndizo hufungua mlango. Msimamizi anayesoma ombi huwa anafikiria pengo la Jumapili usiku, na ombi lililokwisha kuziba pengo hilo haligombewi sana. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani.

Kuna mahali ambapo hata barua nzuri haitoshi. Zahanati ya kisiwani katika Ziwa Victoria yenye muuguzi mmoja haina “mwenzangu” wa kupangwa naye, na mgonjwa akiambiwa aende kwingine atasubiri mashua, na mashua itasubiri ziwa litulie. Mwenye pingamizi zito na aseme hivyo kabla ya kukubali kupelekwa huko, na aombe kituo chenye watu wawili au zaidi. Akikubali kwenda huku akijua, amewafunga wanawake wa kisiwa kizima kwa imani yake peke yake, na sidhani mahakama itamwonea huruma.

Mbele ya mgonjwa

Hapa ndipo madhara hutokea kimyakimya, kwa hiyo nitakaa kidogo. Chukua mfano wa msichana aliyebakwa saa nne usiku wa Jumamosi mahali fulani Nakuru, akafika hospitalini saa mbili asubuhi ya Jumanne. Saa 58 zimepita. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi, tunazoziita PEP, zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ambacho vijana hukiita P2, hutolewa ndani ya saa 120 na nguvu yake hupungua kadiri saa zinavyokwenda. Sasa mhudumu wa dirisha la dawa, ambaye dhamiri yake haikubali kidonge hicho, anamwambia, “Rudi kesho, mwenzangu atakuwepo.” Kesho saa mbili asubuhi ni saa ya 82. Mhudumu huyo hakuwa na pingamizi lolote na PEP, wala hakuna dini ninayoijua yenye pingamizi nayo, lakini kwa sababu ya kidonge kimoja amemfungia msichana dirisha la dawa nyingine.

Angefanyaje? Angeanza na yote ambayo mikono yake inayaruhusu: kumkalisha mahali pa faragha, kumpa dozi ya kwanza ya PEP, kuhakikisha vipimo na fomu za uchunguzi zimeanza. Kisha angemwambia kwa sauti ya kawaida: “Dada, kuna dawa moja zaidi unayostahili kupewa leo, ya kuzuia mimba. Sista mwenzangu ndiye atakayekueleza na kukupa. Nimekwisha kumpigia, na tutamngoja pamoja hapa.” Hakuna mahubiri, hakuna kuguna, hakuna kumwambia ni kwa nini si yeye. Mgonjwa ana haki ya kujua kwamba dawa ipo na nani ataitoa. Imani ya anayemhudumia haimsaidii kitu. Katika faili aandike saa aliyompigia mwenzake na saa aliyofika. Tamko la Oslo la Chama cha Madaktari Duniani, ambalo huwatambua madaktari wenye pingamizi, lina sharti hilohilo: daktari anaweza kujitoa mradi huduma iendelee mikononi mwa mwenzake mwenye ujuzi.

Watu huchanganya haya na mambo mawili mengine. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Afya kinamruhusu mhudumu kumkataa mgonjwa anayempiga, anayemtukana au kumdhalilisha kijinsia, isipokuwa katika dharura ambapo hakuna mhudumu mwingine. Hiyo ni haki ya usalama, na haihitaji dini. Na mzazi wa Kisii akimleta binti likizo ya Desemba ili “akatwe kidogo tu, kitaalamu”, usiandike barua ya dhamiri: sheria ya mwaka 2011 imeharamisha ukeketaji hata ukifanywa na mtaalamu wa afya na hata mwenyewe akikubali. Anayekuagiza kuufanya anakuagiza uhalifu.

Kwa hospitali za makanisa

Ibara ya 32 inataja kuabudu na kuidhihirisha imani mtu peke yake au pamoja na wengine, na Katiba inahesabu taasisi kuwa “mtu”, hivyo hospitali ya misheni ina hoja ya kusimamia. Kinachoiangusha ni kutoandika. Hospitali za Kanisa Katoliki, kwa mfano, hufundisha njia za asili za kupanga uzazi na hazitoi za kisasa, na kila mtu wa eneo analijua hilo, isipokuwa mgeni aliyeshuka basi jana. Orodha ya huduma zisizotolewa ibandikwe mapokezi, ikiwa na jina la kituo cha karibu kinachozitoa. Mkataba wa kila mfanyakazi uyataje hayo kabla hajatia sahihi. Mkataba huohuo useme wazi kwamba mimba iliyotunga nje ya kizazi, damu inayovuja na kifafa cha mimba hushughulikiwa hapohapo bila kumsubiri padri wala askofu. Tena usimamizi ukumbuke kwamba dhamiri haiendi upande mmoja: daktari anayeamini kwamba anawajibika kumweleza mgonjwa njia zote zilizopo naye ana Ibara ya 32.

Ukiadhibiwa

Muuguzi mmoja niliyemwakilisha alihamishwa kwa simu Jumapili jioni kwenda kliniki ya mama na mtoto, na asubuhi yake akakataa kuweka vipandikizi vya kuzuia mimba mbele ya benchi lililojaa akina mama. Barua iliyomtaka ajieleze ilimwita mkaidi. Tulipofika kwenye kikao, faili lake halikuwa na karatasi hata moja inayotaja imani yake, na nilichoweza kumwokolea ni ajira. Barua ya onyo ilibaki.

Ukipokea barua kama hiyo, jibu kwa maandishi ndani ya siku ulizopewa, uambatishe nakala yako yenye muhuri. Kabla ya kukufuta, mwajiri analazimika chini ya kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kukueleza sababu na kukusikiliza ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Usiende peke yako. Ukifutwa, una miezi mitatu ya kulalamika kwa afisa wa kazi, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa Kisumu na Nakuru, kwa hiyo huna haja ya nauli ya Nairobi. Jambo ambalo wengi hulisahau ni ile orodha ya zamu ya ukutani, inayoonyesha nani alikuwepo usiku ule wa kumpokea mgonjwa kutoka kwako. Huondolewa mwisho wa mwezi, na baadaye hakuna anayekumbuka ilikwenda wapi. Ipige picha ingali ukutani.